Desibeli Tatu

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi
nafungua lango la bustani ya Hiltje Boonstra,
napanda ngazi ya aluminiamu hadi ncha ya mlingoti,
nakivua kipaza sauti kofia yake ya sponji
na kukivisha kidude kinachopiga mluzi mmoja:
desibeli tisini na nne, si zaidi, si pungufu.
Hivyo ndivyo tunavyokikumbusha ukweli.
Sikio la chuma nalo husahau.

Yeye hunisubiri jikoni na kahawa
na daftari.
Daftari la kumi na saba. Penseli.
*Kumi na mbili na dakika nne: vikombe vimesalimiana.*
*Kumi na mbili na dakika saba: nimemwacha Mungu katikati ya sala,*
*nikamrudia ndege ilipokwisha kupita.*

Njia ya kurukia iko kilomita mbili toka kabati lake la vyombo.
Ndege huinuka pale na tumbo lililoshiba,
injini zikiikamua hewa kama shuka la kufua,
na mngurumo haupandi wote;
mwingine huambaa chini, huvuka mfereji,
huingia bila hodi.

Mara ngapi nimemchorea mgongoni mwa bahasha!
"Tazama, Bibi Boonstra: rubani anaruka kwa nguvu,
anapanda mkali kadiri kanuni zinavyomruhusu,
akifika futi elfu moja na mia tano
anarudisha mkono nyuma, hivi,
kama apunguzaye moto maziwa yasije yakafurika.
Juu ya paa lako anapita akinong'ona.
Kule mbele, mashambani, ndiko anakunja vibawa
na kushika mwendo."

"Kule mashambani," akasema, "anakaa dada yangu."

Sina jibu la dada.
Kelele ni kama maji ya nchi hii iliyo chini ya bahari:
huyamalizi, unayahamisha,
na kila pampu ina jirani yake.

Kisha Oktoba Sjerp Kuiken akang'oa viazi,
akalima lile shamba lililo kati ya Hiltje na uwanja,
matuta marefu, yenye migongo,
yamekingama kama mbavu za ng'ombe aliyekonda.
Hakuwa na nia yoyote. Alikuwa analima.
Lakini mstari kwenye mtambo wangu ukainama:
ule mngurumo mzito, mtikisa vioo,
ulijikwaa kwenye matuta ukaangukia mawinguni.
Mhandisi alikuja kutoka ofisini na viatu vyake vya ngozi laini,
akasimama topeni hadi vifundoni,
akacheka peke yake.

Jumanne hii nimemletea karatasi.
Marubani na mkono wao, Sjerp na plau lake:
jumla, desibeli tatu zimeshuka.
"Nusu ya nguvu ya sauti imeondoka," nikamwambia,
"japo sikio litaapa kwamba ni kidogo tu."

Hakuisoma.
Alifungua daftari, akanisogezea.
Agosti, nusu ukurasa.
Septemba, mistari mitatu.
Oktoba: *Kimya.* Chini yake: *Kimya.*

"Niambie kweli, Wiebe," akasema,
kwa sauti kubwa mno kwa jiko dogo vile,
"ni ninyi mmepunguza,
au ni mimi nimekwisha?"

Mkobani nilikuwa na kile kidude cha mluzi.
Ningekiwasha pale mezani, tukajua.
Mkono wangu ulifika kwenye zipu
ukabaki hapo.

Nayo ikaja, ile ya saa nne, ya kwenda Lisboni.
Nikaisikia ikivuta pumzi mwishoni mwa lami,
nikahesabu, nikasikia mkono wa rubani ukirudi nyuma.
Vikombe vikasalimiana,
kidogo, kama watu wasiojuana vizuri.
Hiltje alikuwa amelaza kiganja mezani, vidole wazi.
Akatazama dari. Akachukua penseli.

*Nne na dakika kumi na moja,* aliandika.
*Amepita kwa adabu.*